Yai Huijuaje Mbegu Yake? Utangulizi wa Taaluma ya Mipaka ya Urutubishaji Baharini

Kwa wanyama wengi wa baharini, dume na jike hawagusani kamwe. Nungu bahari, matumbawe, chaza na jongoo bahari humwaga mbegu na mayai majini, basi. Hakuna kuchumbiana, hakuna kupigania jike, hakuna rangi ya kujipamba wala sauti ya kuitana. Kazi yote iliyobaki ni ya seli mbili, moja ndogo yenye mkia na nyingine kubwa iliyotulia, na maji zinamotafutana yanaweza kuwa na mbegu za spishi nyingine pia. Hata hivyo mwamba mmoja huweza kuwa na spishi tatu nne za nungu bahari walio ndugu wa karibu kabisa, wanaoishi tundu kwa tundu kizazi baada ya kizazi, na kila spishi ikabaki yenyewe. Ni nini kinachozuia zisichanganyike?

Taaluma ninayokukaribisha, msomaji, imezaliwa na swali hilo. Ina umri wa zaidi ya karne moja, na imepita katika maabara za Ulaya, Marekani na Japani kabla ya kurudi miambani, mahali ambapo jambo lenyewe hutokea. Wengi huifikiria kuwa taaluma ya kuta: spishi hii huku, spishi ile kule, na ukuta katikati. Mimi nimeisoma na kuifundisha kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba picha hiyo inatupoteza. Kinachotenganisha spishi mbili baharini, mara nyingi, hakikuwekwa kwa ajili ya kuzitenganisha. Kimezaliwa na mvutano kati ya yai na mbegu za spishi ile ile moja. Ningependa usome kurasa hizi ukiipima hoja hiyo, na ukiona haisimami, uikatae.

Huhitaji shahada ili uingie. Biolojia ya kidato cha nne inatosha, pamoja na hadubini ya kawaida na uvumilivu wa kuhesabu. Tuanze basi na jaribio lenyewe, kwa sababu anayeliona mara moja huelewa haraka kuliko anayesoma sura kumi.

Nungu bahari ni yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba, anayemchoma mguu mtu anayetembea juu ya mwamba maji yakitoka. Mchukue aliyekomaa, umdunge sindano ya mmumunyo wa kloridi ya potasiamu kupitia ngozi laini inayouzunguka mdomo wake. Misuli ya ndani inajibana, na baada ya muda mfupi vitundu vitano vilivyo juu ya gamba vinaanza kutoa. Kama ni dume, kinachotoka ni uji mweupe mzito. Kama ni jike, hutoka chembechembe za manjano au za rangi ya chungwa, nazo ni mayai, kila moja likiwa na kipenyo cha chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Mgeuze jike juu ya glasi iliyojaa maji ya bahari, mayai yatashuka yenyewe hadi chini. Mbegu za dume usizitie maji bado. Ziweke kavu juu ya barafu, maana zikishagusana na maji ya bahari huanza kuogelea na kuimaliza akiba yao ya nguvu.

Sasa weka tone la mayai chini ya hadubini, uongeze tone la mbegu zilizozimuliwa. Mbegu zinalizingira yai kila upande. Kisha, kabla dakika haijaisha, utando mwembamba unainuka juu ya uso wa yai. Unaanzia mahali pamoja, pale ilipoingia mbegu, na kuenea hadi upande wa pili, mpaka yai limezungukwa na duara angavu. Mbegu zilizochelewa zinabaki nje. Utando huo ndio ushahidi wetu. Ukihesabu mayai mia moja na kuona mangapi yana utando, umeshapima urutubishaji.

Kutoka hapo hadi kwenye swali la spishi ni hatua moja tu. Chukua nungu wa spishi mbili na uandae vibakuli vinne: viwili vya kila spishi na mbegu zake, viwili vya mayai ya hii na mbegu za ile. Jaribio la namna hii lilifanywa Hawaii kwa spishi mbili za jenasi Echinometra, nungu wadogo wanaochimba vitundu mwambani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Mbegu zilipokutana na mayai ya spishi yao, mayai yalirutubishwa vizuri. Zilipokutana na mayai ya spishi jirani, zilifika, ziligusa uso wa yai, lakini nyingi hazikushika. Na zaidi ya hapo, watafiti wa Okinawa, Japani, walipolazimisha urutubishaji kati ya spishi za Echinometra kwa kutumia mbegu nyingi kupita kiasi, chotara walizaliwa, wakakua, na waliweza kuzaa. Kwa maneno mengine, hakuna kilichoharibika ndani ya chotara. Kilichozuia kilikuwa pale usoni mwa yai, katika sekunde chache za kwanza.

Wazo hilo, kwamba mlango wa spishi uko usoni mwa yai, lina historia ndefu. Mwaka 1876 Mjerumani Oskar Hertwig, aliyekuwa akichunguza nungu bahari wa Bahari ya Kati, alieleza kwamba kiini cha mbegu huungana na kiini cha yai. Kabla yake watu walibishana kama mbegu huingia kabisa au huliamsha yai kutoka nje. Nungu bahari alifaa kwa kazi hiyo kwa sababu mayai yake ni mengi, madogo na yenye uwazi wa kupitisha mwanga, na kila kitu hutendeka nje ya mwili, mbele ya macho. Kwa sababu hizo hizo amebaki kuwa mnyama mkuu wa taaluma hii hadi leo.

Mwaka 1903 Jacques Loeb, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi California, alitangaza jambo lililowashangaza wenzake. Alikuwa amerutubisha mayai ya nungu bahari kwa mbegu za kiti cha pweza. Wanyama hao wako mbali sana kinasaba, na katika maji ya kawaida mbegu ya kiti cha pweza hailifanyi lolote yai la nungu. Loeb aliongeza tu kidogo ualkali wa maji, na mayai yakakubali. Kwangu hilo ni mojawapo ya majaribio yenye maana kubwa kuliko yote katika biolojia ya bahari. Kama badiliko dogo la kemia ya maji linaweza kuufungua mlango, basi mlango wenyewe ni wa kemia, nao unaweza kutafutwa molekuli kwa molekuli.

Anayestahili kukumbukwa hapa zaidi ya anavyokumbukwa ni Ernest Everett Just, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Charleston mwaka 1883. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard, na miezi ya kiangazi alikwenda kwenye maabara ya bahari ya Woods Hole. Alijulikana kwa mkono wake mwangalifu: mayai aliyoyaandaa yeye yalikua sawasawa wakati ya wengine yalikufa, kwa kuwa alijua namna ya kuyatunza. Mwaka 1919 alieleza, kwa jamaa bapa wa nungu bahari, kwamba badiliko hupita juu ya uso mzima wa yai kama wimbi mara mbegu inaposhika, na kwamba yai huacha kuzipokea mbegu nyingine hata kabla utando haujainuka. Enzi zile wengi walielekeza macho kwenye kiini na kromosomu. Just alishikilia kwamba uso wa seli una kazi yake na maamuzi yake. Vyuo vikubwa vya Marekani havikumfungulia milango kwa sababu ya rangi yake, naye akahamishia kazi yake Ulaya: Naples, Berlin, Paris. Kitabu chake kuhusu biolojia ya uso wa seli kilitoka mwaka 1939, na alifariki 1941. Vipimo vya umeme vya miaka ya 1970 vilionyesha alichokiona kina msingi gani. Volteji ya utando wa yai la nungu hupanda kutoka takribani milivolti 70 chini ya sifuri hadi 20 hivi juu ya sifuri ndani ya sekunde chache, na kwa muda huo mbegu ya pili haiwezi kuungana nalo.

Kabla ya kufika huko mbegu imeshapita vituo kadhaa. Yai la nungu limefunikwa ute, na kutoka kwenye ute huo huvuja peptidi fupi. Ile ya Arbacia punctulata inaitwa resakti. Ina asidi amino 14 tu, na mwaka 1985 ilionyeshwa kwamba huzivuta mbegu za spishi hiyo kuelekea inakotoka, ilhali mbegu za nungu wa jamaa nyingine hazijali. Ndani ya ute kuna sukari ndefu zenye salfa, ambazo hukifanya kifuko kilicho kichwani mwa mbegu, yaani akrosomu, kipasuke. Mpasuko huo uligunduliwa Japani na Jean Clark Dan mwaka 1952. Kifuko kikipasuka, ncha ya mbegu hujitokeza ikiwa imepakwa protini iliyokuwa imefichwa ndani. Protini hiyo ndiyo inayolishika yai.

Mwaka 1977 Victor Vacquier na Gary Moy, wa Chuo Kikuu cha California, waliitenga na kuiita bindini. Mwaka huo huo ilionekana kwamba bindini iliyosafishwa, bila mbegu yoyote, huyafanya mayai ya spishi yake yashikamane mafungu mafungu, na huyashika ya spishi nyingine kwa unyonge. Molekuli ambayo Loeb hakuweza kuiona ilikuwa imepatikana. Upande wa yai ulichelewa: kipokezi cha bindini, kilichopewa jina EBR1, kilielezwa kikamilifu mwaka 2003. Kisababishi cha kuchelewa huko ni kwamba kipokezi ni molekuli kubwa mno, na vitu vya uso wa yai ni vigumu kuvitenga bila kuviharibu.

Sasa nikupeleke kwa mnyama mwingine, kwa kuwa ndiye aliyetufundisha mengi kuhusu pande mbili kwa pamoja. Haliotis ni konokono wa baharini mwenye gamba moja pana lenye umbo la sikio na safu ya matundu ukingoni. Anapendwa kwa nyama yake, na ndani ya gamba lake mna lulumizi ing'aayo. Pwani ya California ina spishi saba ambazo makazi yao yanaingiliana, na chotara ni wachache. Yai la haliotis limevaa ganda gumu la nyuzi. Mbegu ikifika, hutoa protini iitwayo lisini, yenye asidi amino zaidi kidogo ya 130, na ganda linafunguka tundu la kipenyo cha mikroni tatu hivi, linaloitosha mbegu kupita.

Jambo la ajabu ni namna tundu hilo linavyofunguka. Lisini haikati chochote. Si kimeng'enya. Hujipachika tu kwenye nyuzi za ganda, na nyuzi zilizokuwa zimeshikamana zinaachiana na kutawanyika. Kwa kuwa kazi yote ni ya kushikamana, umbo la lisini lazima lilingane na umbo la kile inachokishika. Lisini ya spishi moja hulifungua vizuri ganda la spishi yake, na la spishi nyingine kwa shida au lisifunguke kabisa.

Kinachoshikwa ni molekuli kubwa kupindukia iitwayo VERL, iliyoelezwa na Willie Swanson na Vacquier mwishoni mwa miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya VERL ni kipande kimoja kinachojirudia kama mara 22, na marudio hayo katika spishi moja yanafanana karibu sawasawa. Swanson na Vacquier walilisoma hilo hivi. Badiliko likitokea katika rudio moja, lisini bado inaweza kuyashika mengine 21, kwa hiyo yai halipati hasara kubwa. Taratibu badiliko hilo huenea katika marudio mengine, kwa kuwa vipande vinavyojirudia kwenye DNA huwa na tabia ya kunakiliana. Yai linageuka polepole, na mbegu inalazimika kulifuata. Lisini yenye umbo jipya linalofaa zaidi inashinda, kisha nyingine baada yake. Hivyo lisini ni miongoni mwa protini zinazobadilika kwa kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa kwa wanyama. Mwaka 2017 picha za fuwele za VERL na lisini zikiwa zimeshikana zilionyesha pia kwamba marudio ya VERL yana mkunjo ule ule unaopatikana katika protini za ganda la yai la mamalia. Ganda la yai la konokono huyu na lile la yai la binadamu, basi, yana asili moja.

Hapa ndipo ninapotaka kukushawishi. Vitabu vingi husema bindini na kipokezi chake, au lisini na VERL, ni ufunguo na kufuli. Mfano huo unafaa kwa siku ya kwanza darasani, kisha uwekwe kando, kwa sababu kufuli hutengenezwa ili kuwazuia wageni, na funguo zake zote ni sawa. Mayai na mbegu haviko hivyo. Mwaka 1999 Stephen Palumbi alionyesha kwamba hata ndani ya spishi moja, Echinometra mathaei, madume wana bindini za aina tofauti, na mayai ya jike hupendelea mbegu zenye bindini ya aina anayoibeba yeye mwenyewe. Upendeleo unaanzia ndani ya spishi, baina ya mtu na jirani yake. Mpaka wa spishi ni upendeleo huo uliokua ukapitiliza.

Kwa nini basi yai lichague? Kwa nini lisipokee mbegu yoyote haraka iwezekanavyo? Jibu linategemea idadi. Mbegu zikimwagwa baharini hupotea upesi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1985, Timothy Pennington aligundua kwamba mayai ya nungu bahari yalirutubishwa kwa wingi yalipokuwa ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwa dume anayemwaga, na mbali zaidi urutubishaji ulishuka ghafla. Jike anayeishi mbali na madume anahitaji mayai rahisi, yanayokubali mbegu ya kwanza ifikayo. Jike aliyebanwa na madume wengi ana hatari ya upande wa pili. Mbegu mbili zikiingia kwa pamoja kabla yai halijafunga, kiinitete hupata kromosomu na vituo vya kugawanyia zaidi ya haki yake, mgawanyiko unavurugika, nacho kinakufa. Theodor Boveri alilieleza hilo tangu mwaka 1902. Jike wa namna hii anahitaji mayai magumu, yanayochelewesha mbegu. Mbegu kwa upande wake hazina faida yoyote ya kuchelewa, maana inayoshindwa kushika inakufa bila kizazi.

Don Levitan alilipima jambo hili kwa spishi tatu za nungu wa pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kaskazini. Matokeo yake ya mwaka 2002 ndiyo yaliyonigeuza mawazo. Spishi inayoishi kwa kutawanyika ilikuwa na mayai rahisi kurutubishwa na mbegu zake, na mayai hayo hayo yalikuwa rahisi kurutubishwa na mbegu za spishi nyingine. Spishi inayoishi kwa kusongamana ilikuwa na mayai magumu kwa wote. Yaani yai halikuwa likiuliza, "Wewe ni wa spishi gani?" Lilikuwa linajikinga na wingi wa mbegu za ndugu zake, na katika kujikinga huko liliwafungia nje na wageni. Mwaka 2012 Levitan akaongeza ushahidi mwingine kutoka kwa nungu wekundu, wanyama wanaoweza kuishi zaidi ya miaka 100. Alilinganisha aina za bindini za wazee na za vijana, akakuta zimebadilika kwa mwelekeo unaolingana na kuongezeka kwa nungu baada ya wawindaji kuwamaliza fisi-maji wa baharini waliokuwa wakiwala.

Hoja hii ina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri hapa kwetu. Miamba ya Kenya ina spishi mbili za nungu weusi wenye miiba mirefu, Diadema setosum na Diadema savignyi, wanaokaa mahali pamoja. Harilaos Lessios na wenzake walipoichunguza bindini ya Diadema duniani kote hawakukuta kasi ya mabadiliko inayoonekana kwa Echinometra. Kama protini haiwatenganishi, ni nini? Mtafiti wa Kenya Nyawira Muthiga alilijibu mwaka 2003, baada ya kuwafuatilia kwenye miamba ya kwao. Setosum humwaga katika siku ya 8 hadi ya 10 ya mwezi, savignyi siku ya 17 na 18, mwezi mpevu ukiwa umeshapita. Kila mvuvi wa pwani anazijua tarehe hizo. Za kwanza ni za maji mafu, za pili zinafuata bamvua. Mbegu za mmoja zikimwagwa, mayai ya mwingine hayapo majini.

Wakati, basi, unaweza kufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na molekuli. Matumbawe wanatoa mfano mkali zaidi. Katika Karibi, spishi mbili za jenasi Orbicella humwaga usiku mmoja, ila moja hutangulia nyingine kwa saa mbili hivi, na saa mbili zinatosha kwa mawimbi kuzitawanya na kuzichosha mbegu za kwanza. Kwenye Great Barrier Reef ya Australia, ambako mwaka 1984 iliripotiwa kwamba spishi 32 za matumbawe humwaga katika usiku chache za mwaka, mlango uko wazi zaidi, na majaribio ya miaka ya 1990 yalipata chotara kati ya spishi kadhaa za Acropora. Karibi ina chotara wa Acropora anayeishi baharini kweli kweli na aliyewahi kupewa jina kana kwamba ni spishi kamili: Acropora prolifera. Hata Diadema hawana kinga kamili, kwani chotara wao wamethibitishwa katika sehemu za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Matumbawe wa Kenya, kwa upande wao, hawangoji usiku mmoja. Uchunguzi wa Sangeeta Mangubhai na Peter Harrison karibu na Mombasa ulionyesha kwamba umwagaji wa spishi mbalimbali umetawanyika katika miezi kadhaa. Mwanafunzi anayekuja na vitabu vya Australia mkononi atashangaa asipouona ule usiku mkubwa alioahidiwa.

Kuhusu vizuizi vinavyokuja baada ya urutubishaji, yaani viinitete vinavyokufa njiani na chotara tasa, sitakaa sana. Ni muhimu, lakini ni mali ya wanyama wote, wa nchi kavu na wa majini. Kilicho cha bahari hasa ni kile kinachotokea ndani ya maji, kabla seli mbili hazijawa moja.

Mtu anayehangaika na bei ya samaki atauliza kuna haja gani ya haya yote. Haja ipo. Mwaka 2001 haliotis mweupe wa California aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini nchini Marekani, wa kwanza kati ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Uvuvi ulikuwa umewapunguza mno, na waliosalia walikaa mbali kiasi kwamba mbegu haziyafikii mayai. Waliendelea kumwaga bila kuzaa. Jongoo bahari wa pwani yetu, waliovuliwa kupita kiasi kwa ajili ya masoko ya Asia, nao humwaga majini. Kuacha wachache waliotawanyika mwambani na kuamini kwamba wataongezeka wenyewe ni kosa ambalo taaluma hii inaweza kutuepusha nalo. Maeneo ya hifadhi yapangwe kwa kuzingatia umbali wa dume na jike, pamoja na idadi ya waliobaki.

Na kuna swali ambalo miamba yetu inalifaa kuliko karibu mahali pengine popote. Tim McClanahan na Muthiga wameonyesha kwa miaka mingi kwamba pale wavuvi wanapomwondoa kikande, samaki anayewala nungu, Echinometra huongezeka mno, ilhali ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu na Kisite hubaki wachache. Kwa kilomita chache tu tunao nungu waliosongamana na nungu waliotawanyika, wa spishi moja, katika maji yenye joto moja. Kama hoja ya Levitan ni ya kweli kwa nungu wetu, mayai ya walio nje ya hifadhi yangetarajiwa kuwa magumu kuliko ya walio ndani. Lava wao husafiri na mikondo na kuzichanganya jamii hizo, kwa hiyo huenda tofauti ikafutika kila msimu, na hilo nalo lingekuwa jibu lenye thamani.

Vifaa vya jaribio hilo ni vile vile nilivyovitaja mwanzoni: sindano, chumvi ya potasiamu, vibakuli vinne, hadubini. Nawaomba vijana wa vyuo vyetu, wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na kwingineko, wasingoje lifanywe na wageni. Ombeni kibali cha kukusanya, waulizeni wavuvi wa mahali penu tarehe za maji, yahesabuni mayai yenu bila haraka, na kila mara andikeni kando ya hesabu siku ya mwezi mliyofanyia kazi.